Waacheni Watu wa Jukwaa Waje Mbele ya Kamera

Kuna hukumu iliyogeuka sheria katika usaili wa filamu kuanzia Kisii mjini hadi Nyamira, na hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Kijana anasimama mbele ya kamera, anaeleza kwamba alipitia tamasha za drama za shule, kisha akazunguka miaka kadhaa na kikundi kinachoigiza vitabu teule vya fasihi mashuleni. Kabla hajasema neno lake la kwanza la uigizaji, mwongozaji ameshakunja uso. "Hii ni kamera, si jukwaa," anaambiwa. "Nyinyi watu wa jukwaa mnapayuka, mnarusha mikono." Nafasi inakwenda kwa mwenye sura ya kuvutia na wafuasi wengi mtandaoni. Yule wa jukwaani anapanda matatu na kurudi alikotoka, na mwaka unaofuata hajisumbui tena kuja.

Hukumu hiyo ni ya uongo, na nitaeleza kwa nini. Wanaoitoa hudhani wanaijua kamera kuliko wengine, ilhali historia ya kamera yenyewe inawakanusha. Tena inawakanusha pale ambapo wangetegemea kupata ushahidi wao: katika enzi ya filamu bubu. Enzi hiyo mwigizaji hakuwa na sauti ya kumwokoa. Hakuwa na maneno matamu ya mwandishi wala lafudhi ya kuchekesha. Alikuwa na uso, mgongo, mikono na miguu, na lenzi iliyoviona vyote. Kama kweli jukwaa huharibu mwigizaji wa filamu, uharibifu huo ungeonekana hapo waziwazi kuliko popote. Basi tumtazame mtu mmoja aliyetoka jukwaani akaingia humo.

Lon Chaney alizaliwa tarehe 1 Aprili 1883 katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Baba yake alikuwa kinyozi. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, na babu yake mzaa mama ndiye aliyeanzisha shule ya viziwi ya Colorado mwaka 1874. Mama alipougua akawa wa kulala kitandani, Lon aliacha masomo akiwa bado katika madarasa ya chini ili amhudumie, na akawa anamletea habari za mtaani kwa mikono na uso. Baadaye alipata kazi nyuma ya pazia katika jumba la opera la mjini, akihamisha samani na mapambo ya jukwaa. Mwaka 1902 akapanda jukwaani mwenyewe. Kwa takriban miaka kumi alizunguka na vikundi vidogo vya michezo ya muziki na vichekesho, mji baada ya mji. Alicheza dansi, alichekesha, aliwafunza wengine hatua za dansi, na ilipobidi alisimamia jukwaa zima. Vikundi vile havikuwa na fedha za kuajiri mtu kwa kila nafasi, kwa hiyo mtu mmoja alibeba wahusika kadhaa.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuambiwa maisha hayo yakoje. Vikundi vya vitabu teule vinaishi vivyo hivyo leo. Wanatoka Kisii mjini alfajiri, maleba yamo ndani ya magunia. Asubuhi wako shule moja ya Nyamira, mchana wako Keroka, jioni wako Nyansiongo. Miaka ile tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa inatahiniwa, kijana mmoja angeweza kuanza onyesho akiwa Kombe, mchongaji wa vinyago, akageuka mlevi Ngurumo pale kwa Mamapima, kisha akarejea akiwa Kenga, mshauri wa mtawala Majoka. Alikuwa na dakika mbili nyuma ya pazia la shuka kubadili koti na kofia. Kilichowafanya wanafunzi mia kadhaa waamini kwamba huyu si yule wa mwanzo hakikuwa koti. Ni namna alivyouweka uzito wa mwili wake kwenye miguu, alivyoishikilia shingo, alivyokawia au kuharakisha kabla ya kumtazama mwenzake.

Tena kuna jambo ambalo waongozaji wetu wanalijua lakini hawajalitafakari. Nyanda hizi za juu za Gusii hupata mvua nyingi, na mara nyingi hunyesha alasiri, saa ambazo vikundi viko katikati ya onyesho. Ukumbi wa maakuli wa shule umeezekwa kwa mabati. Mvua ikishaanza kuyapiga, hakuna koo la binadamu linaloshindana nayo. Kikundi kisicho na ufundi hunyamaza na kusubiri. Kikundi kilichokomaa huendelea: waigizaji hupunguza maneno, husogeleana, hurefusha ishara, na hadithi huendelea kusomeka mwilini mpaka mvua ipungue. Mwigizaji aliyezoea kazi hiyo amefanya mazoezi ya filamu bubu katika Gusii mara nyingi kuliko mwongozaji yeyote anayemfukuza kwenye usaili.

Turudi kwa Chaney. Mwaka 1913 ndoa yake ilivunjika hadharani. Mkewe wa kwanza, mwimbaji Cleva Creighton, alikunywa sumu katika jumba la tamthilia huko Los Angeles. Alipona, ila sauti yake iliharibika, na kashfa hiyo ikamfungia mumewe milango ya jukwaa. Chaney akaenda kutafuta kazi katika studio za Universal. Kwa miaka kama mitano alicheza katika filamu fupi nyingi mno, akiwa mhalifu, mzee, baharia au kilema. Alipoomba nyongeza, inasimuliwa kwamba meneja wa studio alimwambia hatastahili kamwe zaidi ya dola 100 kwa wiki. Akaondoka.

Mwaka 1919 mwongozaji George Loane Tucker alikuwa akitengeneza The Miracle Man. Alihitaji mtu wa kucheza tapeli anayejifanya kilema, anayetambaa barabarani akiwa amepindika viungo vyote, kisha anajinyoosha kiungo kimoja kimoja kana kwamba ameponywa kwa muujiza. Chaney mwenyewe alieleza baadaye kwamba Tucker alikuwa amejaribu kutumia mtu wa sarakasi mwenye viungo laini, lakini mwili wake ulikunjika bila kueleza lolote. Alimhitaji mwigizaji. Chaney, ambaye hakuwa mtu wa sarakasi, akauchukua uhusika huo na ndio uliomfanya ajulikane kote. Filamu hiyo imepotea, yamebaki mabaki ya dakika chache tu, na kwa bahati njema tukio lile la kujinyoosha limo. Ukilitazama utaona mtu anayejua ni lini hadhira itashika pumzi, na anaingoja. Ujuzi huo hupatikana mbele ya watu walio hai, wanaokohoa na kusogeza viti ukiwachosha.

Hapa ndipo wapinzani wangu huleta hoja yao ya kwanza. Husema Chaney alikuwa fundi wa vipodozi tu, mtu wa nta, gundi na meno ya bandia, na kwamba sura zake za kutisha katika The Hunchback of Notre Dame ya 1923 na The Phantom of the Opera ya 1925 ndizo zilizofanya kazi. Ni kweli alijipodoa mwenyewe, na kwa ustadi wa kiasi kwamba hata Encyclopaedia Britannica ilimwomba aandike makala kuhusu kazi hiyo kwa toleo la 1929. Lakini hoja hii huanguka mara tu mtu anapozitazama filamu ambazo hakujipodoa. Katika Tell It to the Marines ya 1926 yeye ni sajini wa kawaida mwenye uso wake mwenyewe, na filamu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoingiza pesa nyingi zaidi katika maisha yake yote ya kazi.

Kisha kuna The Unknown ya 1927, iliyoongozwa na Tod Browning. Chaney ni Alonzo, mtu wa sarakasi anayejifanya hana mikono, kumbe ameifunga kifuani. Anampenda Nanon, msichana anayeogopa kuguswa na mikono ya wanaume, aliyechezwa na Joan Crawford akiwa bado mchanga katika kazi. Kwa ajili yake Alonzo anakwenda kukatwa mikono kweli. Anaporudi, Nanon ameshapona hofu yake na amempenda mwanamume mwingine, na anampa habari hizo kwa furaha, akidhani rafiki yake atafurahi naye. Tazama uso wa Chaney katika dakika hiyo. Anaanza kucheka pamoja nao. Kicheko kinaendelea kupita mahali pake, kinabadilika polepole machoni kabla hakijabadilika mdomoni, na wale wawili bado hawajang'amua. Ni uso mtupu, na kamera iko karibu. Ninawasihi wanaosema mtu wa jukwaa "hucheza kwa ukubwa" watazame tukio hilo kisha wanionyeshe ukubwa huo uko wapi. Crawford alisema katika maisha yake ya baadaye kwamba kumtazama Chaney akifanya kazi kulimfunza uigizaji kuliko mtu mwingine yeyote. Na kwa kuwa nataka kusema kweli yote, niongeze kwamba picha nyingi za miguu ya Alonzo ikishika vitu zilichezwa na mtu asiye na mikono kweli, Paul Desmuke. Uso ni wa Chaney.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na siipuuzi. Huletwa na waliosoma kidogo. Hutaja jina la Sarah Bernhardt, mwigizaji mkuu wa jukwaa la Ufaransa, aliyecheza Malkia Elizabeth katika filamu ya 1912. Anarusha mikono, anaanguka kwa mbwembwe juu ya mito, na leo mtazamaji humwona kama mtu wa enzi za kale kabisa. Basi, husema, huo ndio uthibitisho: jukwaa kubwa kuliko yote lilishindwa na kamera.

Tuangalie alikuwa nani wakati huo. Alizaliwa 1844, kwa hiyo alikuwa amekaribia miaka 70, na goti lililomtesa, mpaka mguu ukakatwa mwaka 1915. Kamera iliwekwa mbali, ikasimama palepale kama mtazamaji aliyekata tiketi, ikarekodi tamthilia. Zaidi ya hayo, Bernhardt alikuwa nyota. Watu walikwenda kumwona Bernhardt akiwa Bernhardt, na hakuna aliyemtaka atoweke ndani ya mhusika. Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo waongozaji wetu hawaioni. Jukwaa hutoa waigizaji wa aina mbili. Yupo anayeletewa jukwaa ili ajionyeshe, na yupo anayezunguka na kikundi kidogo, anayejifuta kila jioni ili awe mwingine. Huyu wa pili ndiye aliyeijaza sinema bubu. Charlie Chaplin alitoka katika kikundi cha vichekesho cha Fred Karno. Buster Keaton alikulia jukwaani na wazazi wake tangu akiwa mtoto mdogo. Emil Jannings, aliyepewa Oscar ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora mwaka 1929, alitoka katika tamthilia za Ujerumani. Sijui ni historia gani ya filamu bubu inayoweza kuandikwa mtu akiwaondoa hawa.

Wengine hukubali yote hayo kisha hutafuta mlango wa nyuma. Chaney, husema, alifunzwa na nyumba ya viziwi, na jukwaa halikumwongezea kitu. Nyumba ile ilimpa mengi, sikatai. Lakini alikuwa na ndugu waliozaliwa na wazazi walewale, wakazungumza kwa ishara zilezile mezani, na hakuna mwingine wao aliyekuwa Lon Chaney. Lugha ya ishara ilimpa mikono na uso unaosema. Miaka ya kuzunguka ilimfunza kuvitumia mbele ya wageni, usiku baada ya usiku, awe amechoka au ana njaa.

Hoja hii inanipa nafasi ya kusema jambo ambalo linaniuma. Katiba yetu ya 2010 imeitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na shule za viziwi hushiriki tamasha za drama na hutikisa kumbi. Ni wangapi kati ya wanafunzi hao ambao wamewahi kuitwa kwenye usaili wa filamu Kisii? Vichekesho vya Ekegusii vinavyorekodiwa kwa simu vinategemea mdomo kwa kila kitu: matusi, kelele, lafudhi. Kisha watengenezaji wake hulalamika kwamba kazi zao hazivuki mipaka ya Gusii. Zitavukaje, ikiwa ukizima sauti hakuna kinachobaki? Filamu ya Chaney hutazamwa na Mjapani na Mkisii bila mkalimani, kwa kubadilisha maandishi machache tu.

Siwaombi wasomaji wapende kila alichofanya. Mwaka 1928 alicheza katika West of Zanzibar, hadithi ya mwanamazingaombwe aliyevunjika uti wa mgongo, anayejiburuza kwa mikono na kutawala kijiji cha Afrika kwa hila. Filamu hiyo ilipigwa California, na Waafrika ndani yake ni kundi la watu wa kutisha na kutishwa, karibu wote wasio na jina wala akili. Ni dharau, na inastahili kuitwa dharau. Lakini hata humo, mwili wa Chaney unapoteleza sakafuni huku uso ukikataa kuhurumiwa, kuna ufundi ambao mwigizaji wa Tabaka au Suneka anaweza kuuchukua na kuutumia kusimulia habari zetu kwa heshima ambayo Hollywood haikutupa.

Sauti ilipoingia katika filamu, nyota wengi wa filamu bubu walitetemeka. Chaney alirudia The Unholy Three mwaka 1930, safari hii kwa maneno, akatoa sauti tano tofauti, ya kikongwe na ya kasuku zikiwemo, na akaapa kwa maandishi kwamba zote zilikuwa zake. Alifariki tarehe 26 Agosti mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya filamu kutoka. Jukwaa lilikuwa limemwandaa kwa enzi mbili, na ya pili hakuruhusiwa kuiishi.

Nikifika hapa, huambiwa kwamba hayo ni ya Wazungu na ni ya zamani. Sawa. Lupita Nyong'o alizaliwa tarehe 1 Machi 1983, karne moja kasoro mwezi baada ya Chaney. Akiwa na umri wa miaka 14 alicheza Juliet na Phoenix Players, Nairobi. Baadaye alisomea uigizaji katika chuo kikuu cha Yale, akapata Oscar mwaka 2014, na bado akarudi jukwaani New York kucheza Eclipsed. Mwaka 2019, katika filamu ya Us, aliwacheza wanawake wawili wenye sura moja, na mtazamaji alijua ni yupi kabla hajasema lolote, kwa jinsi tu alivyotembea. Mwaka 2024 alibeba A Quiet Place: Day One, filamu ambayo wahusika wakitoa sauti wanauawa. Kwa sehemu kubwa ya filamu hiyo yuko katika hali ileile aliyokuwa nayo Chaney, bila sauti: hofu, maradhi, upendo kwa paka na kwa mgeni, vyote kwa macho na mabega. Huyu ni binti wa Kenya, aliyeanzia jukwaani.

Tena hatuhitaji kwenda New York. Mzee Ojwang' wa kipindi cha runinga cha Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee Mjaluo kwa miaka mingi, na taifa zima likamwamini, Wajaluo wakiwemo. Hakuwa na sura ya bango la matangazo. Alikuwa na kofia, miwani na mwenendo wa mzee tunayemjua sote. Leo angefika kwenye usaili wetu, angeulizwa ana wafuasi wangapi.

Nakubali kwamba mwigizaji wa jukwaa akija mara ya kwanza mbele ya kamera mara nyingi huzidisha. Sauti yake imezoea kufika ukuta wa nyuma. Hilo hurekebishwa na mwongozaji anayejua kazi yake, kwa siku chache: humwonyesha picha yake, humwambia apunguze, naye hupunguza, kwa sababu ana kitu cha kupunguza. Asiyejua kuigiza hawezi kuongezewa kwa siku chache kile ambacho wengine wamekitafuta kwa miaka. Waongozaji wanaokataa kazi hii ya kurekebisha wanaificha nyuma ya maneno mazito kuhusu kamera. Ukweli ni kwamba wengi wao hawajawahi kumfunza mtu kuigiza, na mtu wa jukwaa huwatia wasiwasi kwa kuwa huuliza maswali: huyu mhusika ametoka wapi, anataka nini, kwa nini anasimama hapa?

Uharibifu wa hukumu hii unaonekana zaidi katika nafasi ndogo. Filamu zetu zina kijana na msichana wa mapenzi katikati, na pembeni wamejazwa jamaa na marafiki wa mtayarishaji: chifu asiyejua kukaa kama chifu, nyanya wa miaka 25 aliyepakwa unga kichwani, mchuuzi wa ndizi ambaye mikono yake haijawahi kuushika mkungu. Hapo ndipo filamu hufa, na hapo ndipo Chaney alipojenga jina lake. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa pembeni. Watazamaji waligundua kwamba walikuwa wanamtazama yeye.

Ninao ujumbe kwa watayarishaji wa Kisii na Nyamira. Katika usaili wenu ujao, viiteni vikundi vya vitabu teule na shule za viziwi kabla ya kufungua orodha ya wafuasi wa mtandaoni. Mpeni kila mmoja dakika mbili, bila neno hata moja, awe chifu, kisha mlevi, kisha mama aliyefiwa. Rekodini, halafu mtazame sauti ikiwa imezimwa. Filamu za Chaney za 1923 hadi 1927 hakimiliki zake zimekwisha muda Marekani, na nyingi zinapatikana mtandaoni bure. Mwalimu wa drama anaweza kuonyesha The Unknown ukumbini Ijumaa jioni kwa projekta ya shule, na mpiga obokano akaketi kando ya kitambaa na kuisindikiza kwa nyuzi zake nane. Waigizaji wa kufanya kazi hii wapo, na muhula ukianza watakuwa tena barabarani na magunia yao, wakilipwa kidogo, wakiigiza mvua ikinyesha. Waiteni.